Kumbe yalikuwa mawe kwenye nyongo

Miezi saba nimemeza dawa za vidonda vya tumbo, kumbe ni mawe kwenye mfuko wa nyongo. Maumivu yalikuwa yakinianza usiku, baada ya kula chakula chenye mafuta: chini ya mbavu za kulia, yanapanda hadi begani, nabaki nimejikunja ukingoni mwa kitanda jasho likinitoka mpaka yaachie yenyewe. Kwenye utrasaundi daktari alinionyesha vidoa vyeupe, kila kimoja na kivuli cheusi chini yake.

Mawe mengi huanza kolesteroli (aina ya mafuta mwilini) inapozidi kwenye nyongo, ikaganda. Wanawake tunayapata zaidi, hasa tukishabeba mimba, kwa sababu ya homoni ya estrojeni. Na hili sikulitegemea kabisa: kupungua uzito haraka nako huyaleta. Mimi nilikuwa nimepungua kilo 14 kwa miezi 3! Wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, nao huyapata, hata watoto.

Nchi za Magharibi, asilimia 10 hadi 15 ya watu wazima wanayo, na wengi hawaumwi kamwe. Ila jamani, ukiumwa hivyo ukaongezea homa au macho ya njano, usingoje kupambazuke.