Gari dogo lililotumika: breki kwanza, nguvu baadaye

Gari nililonunua ni dogo, la milango mitano, injini ya petroli ya silinda nne yenye ujazo wa lita 1.3, gia za mkono, na linavutwa na magurudumu ya mbele. Lilikuwa limepita mikono kadhaa kabla ya kunifikia, na hakuna aliyeniachia kumbukumbu za sevisi. Nililitaka kwa mambo mawili: linibebe kila siku, na liwe darasa langu la ufundi. Ndoto ya kulifanya likae chini kidogo, lishike barabara vizuri na liitikie mguu haraka nilikuwa nayo tangu mwanzo. Lakini nilijiwekea sharti kwamba sitafunga kipuri hata kimoja cha kuliboresha kabla sijajua hali ya kila kilichomo.

Sharti hilo lina historia ndefu kuliko mimi. Mini ya kwanza, gari dogo la Kiingereza la mwaka 1959, ilikuwa na injini ya cc 848 yenye nguvu-farasi 34 na breki za ngoma kote. Ilipotoka Mini Cooper mwaka 1961, injini ilifika cc 997 na nguvu-farasi 55, na papo hapo magurudumu ya mbele yakapewa breki za disiki. Nguvu na breki viliongezwa pamoja. Mwaka 1964 Mini Cooper S, ikiendeshwa na Paddy Hopkirk, ilishinda mbio za Monte Carlo mbele ya magari yenye injini kubwa mara kadhaa. Gari jepesi linalosimama vizuri na kukata kona vizuri linafika mbali, na hilo ndilo lililonipa mpangilio wa kazi.

Vifaa sikununua vingi. Seti ya soketi nzuri, spana za pete, jeki ya trolii, stendi za kulishikilia gari likishainuliwa, na spana ya toki, ile inayopima nguvu unayokazia. Kwenye stendi sina mjadala na mtu: jeki inainua, haishikilii. Sili ya jeki ikivuja, gari linashuka bila kukupa taarifa. Sijaingia chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake na sitaingia. Spana ya toki nayo ina sababu zake. Nati za magurudumu za magari mengi ya ukubwa huu hukazwa kwa takriban Nm 100 (kipimo cha nguvu ya kuzungushia), wakati bolti ya kumwagia oili ni chini ya nusu ya hapo, na uzi wake umo kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, ambayo mara nyingi ni ya aluminiamu. Mkono uliozoea nati za gurudumu unaweza kuula uzi huo kwa mzungusho mmoja. Kifaa cha mwisho kilikuwa kitabu cha ufundi cha modeli yenyewe, ambacho kilinipa vipimo vyote nilivyohitaji.

Nilianza na injini kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikizungumza. Taa ya injini iliwaka kwenye dashibodi na mlio ukawa wa kukatakata gari likiwa limesimama. Magari ya petroli yaliyouzwa Marekani kuanzia modeli za 1996, na Ulaya kuanzia 2001, yana soketi ya OBD, mfumo wa gari kujichunguza lenyewe, chini ya dashibodi, na kisomaji kidogo cha bei nafuu kinatosha kusoma misimbo ya hitilafu. Changu kilionyesha P0301: silinda ya kwanza inamisi, yaani haichomi mafuta sawasawa. Msimbo unakuambia dalili iko wapi, haukuambii ubadilishe nini. Kwa hiyo nilihamisha koili, kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche, ya silinda ya kwanza kwenda ya pili, na ya pili kuja ya kwanza, nikafuta msimbo, nikaendesha. Msimbo ukarudi, safari hii P0302. Ubovu ulikuwa umehama na koili, basi koili ndiyo mbovu. Njia hii haigharimu chochote na imeniokoa nisinunue vipuri kwa kubahatisha. Ukishaifahamu kwa koili, unaanza kuiona kila mahali penye vipuri viwili vinavyofanana.

Plagi nilizitoa zote na kuzipanga kwa mpangilio wa silinda zake. Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu ni habari njema. Masizi meusi makavu yanasema mafuta yanazidi hewa, weusi wa mafuta unaong'aa unasema oili inapenya kwenye chemba, na weupe wa kuungua unasema joto limezidi au hewa imezidi petroli. Zangu zilikuwa kahawia isipokuwa ile ya koili mbovu, iliyolowa petroli isiyoungua. Kwa kuwa zilikuwa nje, nilipima na kompresheni: unazima umeme wa koili na wa injekta, unakanyaga pedali ya mafuta hadi mwisho, unapiga stata, unasoma geji. Unachotafuta ni silinda nne zinazokaribiana. Moja ikiwa chini, tia oili kidogo kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ringi za pistoni zimechoka, na isipopanda, angalia valvu au gasketi ya silinda hedi. Zangu zilikaribiana, nikapumua.

Oili na filta zake, filta ya hewa, maji ya redieta, hayo nilibadilisha yote bila kusubiri, kwa kuwa sikuwa na tarehe ya mwisho ya chochote. Mkanda wa taimingi, unaozifanya valvu zifunguke kwa kufuata mwendo wa pistoni, ulihitaji umakini zaidi. Injini yangu inatumia mkanda wa mpira, si cheni, na ni ya aina ambayo pistoni na valvu hupita nafasi moja kwa zamu. Mkanda ukikatika, zamu inavurugika, pistoni inagonga valvu na kuzipinda. Mpira unachoka kwa kilomita na unachoka kwa miaka pia, kwa hiyo mkanda unaweza kuonekana mzima machoni na umri wake umekwisha. Kazi hii nilimpa fundi mwenye vifaa vya kufungia shafti zisizunguke, nikasimama pembeni nikiangalia na kuuliza. Akaniambia, "Mdogo wangu, ukifungua hapa, badilisha na pampu ya maji na tensha ya kukaza mkanda, maana njia ya kuvifikia ni hiihii." Nikabadilisha.

Kisha breki, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko kwingine kote.

Pedi za mbele upande wa kushoto zilikuwa zimelika bila usawa, ya ndani nyembamba kuliko ya nje. Hiyo si tabia ya pedi, ni tabia ya kalipa isiyoteleza. Kalipa ya aina hii ina pistoni upande mmoja tu; pistoni inasukuma pedi ya ndani, halafu kalipa nzima inateleza kwenye pini zake na kuivuta ya nje. Pini zikikauka, pedi ya ndani inafanya kazi ya mbili. Nilizitoa pini, nikazisafisha hadi zikang'aa, nikazipaka grisi maalumu ya breki ya silikoni, kwa kuwa grisi ya kawaida huvimbisha mpira wa kifuniko, nikazirudisha zikiteleza kwa kidole. Disiki zina unene wa chini zaidi ulioandikwa kwenye ukingo wake au kwenye kitovu. Nilipima kwa kalipa ya vipimo na nikazikuta juu kidogo ya kiwango. Nikaamua kuweka mpya pamoja na pedi mpya.

Mafuta ya breki ndicho kitu kinachosahauliwa kuliko vyote kwenye gari lililotumika. Yananyonya unyevu kutoka hewani taratibu, kupitia mipira na kifuniko cha chupa. DOT 4 mpya, daraja mojawapo la mafuta hayo, inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho kinashuka hadi 155. Kwenye mteremko mrefu breki zinaweza kufikia joto hilo. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabanika, na pedali inazama hadi sakafuni bila breki kushika. Yangu yalikuwa ya rangi ya kahawa. Nilimwomba rafiki akanyage pedali huku mimi nikifungua na kufunga nipo, skrubu ndogo ya kutolea mafuta, ya kila kalipa, mpira mwembamba ukipeleka mafuta kwenye chupa, tukifuata mpangilio wa magurudumu uliomo kitabuni, na nikiongeza mapya juu kabla chupa haijashuka chini ya alama. Yalipotoka yakiwa meupe na bila mapovu, pedali ikawa ngumu na ya juu. Pedi mpya nilizizoesha kwa kupunguza mwendo mara nyingi kutoka kama kilomita 60 kwa saa hadi karibu kusimama, bila kusimama kabisa, halafu nikaendesha bila breki ili zipoe.

Matairi hayakuhitaji mjadala. Ubavuni mwa kila tairi, mwisho wa maandishi ya DOT, kuna tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Nilikuta kashata (michoro ya tairi) za kutosha na mpira mgumu wenye nyufa ndogondogo, na tarakimu zikanieleza kwa nini. Shokapu za nyuma nazo zilikuwa zimevuja.

Hapo sharti langu likaanza kunilipa, kwa sababu vitu vilivyotakiwa kubadilishwa kwa uchakavu ndivyo hasa nilivyotaka kuviboresha. Badala ya kurudisha kilekile, nilichagua kilicho bora kidogo.

Saizi ya kiwandani ni 175/65R14. Hesabu yake ni rahisi: upana mara asilimia ya ubavu, mara mbili, ongeza kipenyo cha rimu kwa milimita. Inatoka mm 583. Nilitaka rimu ya inchi 15. Tairi la 195/50R15 linatoa mm 576, la 185/55R15 linatoa karibu 585. Nilichukua la pili, maana kipimamwendo kinabaki kusema kweli, na ubavu bado una kimo cha kuhimili mashimo. Kwenye rimu zenyewe nilitazama mambo matatu kabla ya sura: matundu manne kwenye duara la mm 100, tundu la katikati linalokaa barabara kwenye kitovu, na ET, yaani umbali kati ya uso wa kufungia na mstari wa katikati ya rimu. Halafu uzito. Rimu haibebwi na springi, na kila kilo yake inapiga shokapu moja kwa moja, kwa hiyo rimu nyepesi ya inchi 15 naipenda kuliko nzito ya 17, hata kama ya 17 inapendeza zaidi kwenye picha.

Shokapu nilibadilisha zote nne pamoja na springi fupi za mm 30 zilizotengenezwa kwa ajili ya modeli hii. Watu hukata springi za kiwandani kwa gurainda, na hilo sikubaliani nalo kabisa. Springi iliyokatwa inaweza kulegea kwenye kikao chake gurudumu linapoachwa lining'inie, na shokapu inaishiwa nafasi ya kushuka, ikigonga kizuizi chake cha mpira kwenye kila tuta. Baada ya kushusha gari nilipeleka alaimenti mara moja, kwa kuwa pembe za magurudumu hubadilika na matairi mapya yangelika upande. Mwisho nikafunga stabilaiza, fimbo inayopunguza gari kulala kwenye kona, nyuma, ambako hapakuwa nayo. Gari la kuvutwa mbele hupenda kwenda moja kwa moja unapokata kona kwa kasi. Stabilaiza ya nyuma inahamishia nyuma sehemu kubwa zaidi ya mzigo unaoegemea nje ya kona, na matairi ya mbele yanagawana kazi vizuri zaidi. Katika vyote nilivyofunga, ni hicho ninachokihisi kila ninapokata usukani.

Filta ya wazi ya hewa, ile ya umbo la koni, nimeiacha. Boksi la kiwandani linavuta hewa baridi kutoka mbele ya gari. Koni iliyowekwa wazi karibu na injini inavuta hewa ya moto, ambayo ina oksijeni kidogo zaidi kwa ujazo uleule. Sauti inaongezeka, nguvu huenda isiongezeke. Egzosti bado ni ya kiwandani pia. Injini ndogo isiyo na taabo (turbo) inarudisha kidogo sana kwa gharama hiyo, na afadhali pesa hiyo niiweke kwenye mafunzo ya udereva uwanjani. Kampuni ya bima niliiarifu kuhusu rimu, springi na stabilaiza, kwa maandishi.

Kazi iliyobaki kwenye injini ni nafasi za valvu. Hii yangu haina tapeti za haidroliki, zile zinazojirekebisha zenyewe, kwa hiyo nafasi hizo hubadilika kadiri vyuma vinavyolika, na zikibana sana valvu haifungi sawasawa na huungua. Nimeshanunua fila geji, vibati vyembamba vya kupimia nafasi, na gasketi mpya ya kifuniko cha juu, na nitazipima injini ikiwa baridi kabisa, kama kitabu kinavyotaka.