Anaungua, lakini anaomba blanketi

Mgonjwa wa malaria anaomba blanketi la pili, na ukimgusa anaunguza. Hadanganyi. Vimelea vikipasua chembe nyekundu za damu, chembe nyeupe humwaga protini za kupeleka habari, kama interlukini-1 na interlukini-6. Zikifika kwenye mishipa ya damu ya ubongo, hutengenezwa kemikali iitwayo prostaglandini E2, nayo huifanya haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayodhibiti joto la mwili, ipandishe kipimo cha joto inacholenga, tuseme kutoka nyuzi 37 hadi 39. Sasa damu ya nyuzi 37 ubongo unaiona ya baridi: mishipa ya ngozi inabana, misuli inatetemeka. Parasetamoli hupunguza prostaglandini hiyo, kipimo kikashuka, jasho likatoka. Vimelea vyenyewe haviguswi. Na maji ya barafu? Yanazidisha kutetemeka tu, maana kipimo bado kiko juu.