Ada Tumelipa, Malezi Tumemwachia Nani?

Mwaka 2023 serikali ya Tanzania ilitoa waraka unaozuia shule kuwaweka bweni watoto wa awali hadi darasa la nne, ili katika umri huo walelewe na familia zao. Wiki ile simu kutoka Mwanza hazikukatika. Ndugu zangu wa Igoma na Nyakato walikuwa na wasiwasi: mtoto akirudi nyumbani atakaa na nani, mama yuko sokoni tangu alfajiri, baba yuko ziwani? Nawaelewa kabisa. Lakini nasema wazi, waraka ule ulikuwa sahihi, na sisi tulio ughaibuni ndio tulipaswa kuusikiliza kwanza, maana tumezoea kutuma ada na kujiona tumeshalea.

Nimekulia Kirumba, hukohuko Mwanza. Mama aliuza dagaa pale Mwaloni, akipokea mzigo kutoka Ukerewe na visiwa vingine na kuupima kwa sado. Shule aliishia madarasa ya chini. Jioni alituita mmoja mmoja na daftari, akatafuta alama ya kosa, akasema, "Haya, nifundishe hapa palipokushinda." Ukimweleza ovyo, unarudi mwanzo. Hesabu yenyewe pengine hakuifuata, ila uzembe na ujanja aliuona mara moja.

Likizo tulishinda naye sokoni. Kazi yangu ilikuwa daftari la madeni: nani kachukua sado ngapi, nani kalipa, nani kaahidi Ijumaa. Mteja mmoja alipofariki akiwa na deni, mama aliniagiza nilifute, kisha akanikataza kabisa kumtajia mwanawe, ambaye tulisoma darasa moja. Kujumlisha na kutoa nilijifunzia pale, na kumsitiri mtu nikajifunzia palepale. Sijui shule gani ya bweni ingenipa hayo mawili kwa siku moja.

Wasukuma wa zamani walikuwa na shikome, moto wa jioni nje ya nyumba, ambapo wazee walikaa na vijana wakizungumza habari za ukoo, mifugo na makosa ya mchana. Mwenye kitendawili anasema "Kalagu!" wanaitikia "Kize!" na anayekosa anafikiri tena mbele ya wakubwa zake. Nyumba za kupanga za mjini hazina nafasi ya moto ule. Meza ya chakula ipo, hata mkeka upo, na wakubwa tupo.

Sasa naishi Würzburg, mji wa Bavaria, Ujerumani, wenye undugu rasmi na Mwanza tangu 1966. Shule za hapa nazisifu kwa moyo wote: vitabu vipo, na mwalimu anamsikiliza mtoto. Darasa la nne ndipo moto unapowaka. Watoto wa miaka 10 hivi hugawanywa njia kwa alama zao. Mwezi Mei cheti kinatoka, na ili mtoto apendekezwe kwenda Gymnasium, sekondari inayoelekea chuo kikuu, wastani wake wa Kijerumani, hesabu na somo la mazingira na jamii usizidi 2.33. Hapa 1 ndiyo alama ya juu kabisa. Nimeona watoto wakilia kwa sababu ya desimali, na wazazi wao wakilia nao.

Kipindi hicho wengi wetu tunarudi nyuma. Tunasema Kijerumani chetu ni cha kazini, mwalimu anajua zaidi. Mama yangu naye angeweza kusema hivyo. Nyumbani kwetu, baada ya chakula cha jioni, simu zinawekwa mbali na mtoto anatueleza kwa Kiswahili alichosoma kwa Kijerumani. Akipita juujuu, tunamrudisha. Na kazi ya mikono ya shule, ambayo baadhi ya wazazi huwafanyia watoto wao ili ipendeze, sisi hatuigusi. Ikitoka imepinda, inakwenda imepinda, na jina lake juu. Alama anazopata ziwe zake kweli.

Jambo jingine ambalo watu hulipita: katika shule za Bavaria dini ni somo la kawaida, na mzazi ndiye anayeamua. Asiyesoma dini anasoma somo la maadili. Nenda kaulize watafundishwa nini kabla ya kusaini fomu.

Huku mtoto anafundishwa kumuuliza mkubwa sababu, na bibi yake akisikia "kwa nini, bibi?" kwenye simu anashtuka kidogo. Mimi nataka aulize. Nataka pia amsalimie kwanza, amwache amalize kusema, na akishajibiwa ashukuru. Hayo mwalimu wa Würzburg hawezi kumfundisha kwa niaba yangu, na wala si kazi yake.

Kwa wale ninaowasomesha Mwanza, siku hizi naomba nitumiwe picha za kurasa za daftari, zile zenye makosa hasa, kisha nazungumza na mtoto mwenyewe. Shemeji yangu aliniambia muda hana, anafunga duka usiku. Tukakubaliana aanze na nusu saa, mtoto akae naye dukani na daftari lake, pale kwenye kaunta.