Siku moja maabara, Mbeya: kuzivisha seli koti

Saa 1:30 asubuhi. Leo wanafunzi wanajifunza kufunika seli hai kwa koti la kuzikinga, kama wanavyofanya watafiti wa kisukari. Kwa baridi hii ya Julai aljineti, unga wa mwani unaofanya jeli, inayeyuka kwa kusuasua, hivyo naanza nayo. Gramu 2 kwa mililita 100 za maji yaliyokenekwa, unga ukinyunyizwa kidogo kidogo huku ukikorogwa. Ukiumwaga kwa mkupuo, yanabaki madonge hadi mchana. Kisha mchanganyiko utulie mapovu yatoke.

Saa 3:00. Seli za kongosho, zinazotengeneza insulini, hatuna; hamira inazikaimu. Kazi yenyewe ilianza kuvuma mwaka 1980, Lim na Sun walipopandikiza seli za insulini zilizofunikwa kwenye panya wenye kisukari. Lengo la koti: glukosi na oksijeni ziingie, insulini itoke, askari wa kinga ya mwili wabaki nje. Kwa binadamu bado ni majaribio.

Saa 4:00. Gramu 1 ya hamira kwa mililita 20 za aljineti, ndani ya bomba la sindano. Dondosha kutoka sentimita 10 juu ya kalsiamu kloraidi, chumvi inayogandisha matone yawe punje: gramu 1.47 za ile yenye molekuli mbili za maji kwa mililita 100. Ukishusha mkono mno, tone linaota mkia. Ukiupandisha mno, linabonyea. Acha dakika 10. Suuza kwa maji ya chumvi ya kawaida; bafa ya fosfeti inanyang'anya kalsiamu na punje zinalegea.

Saa 5:00. Nusu ya punje zinaingia kwenye kaitosani, inayozishika na kuwa koti; nusu zinabaki bila koti. Wenzetu wengi hutumia koti la polilisini, mnyororo wa asidi amino, lakini ikibaki wazi inachokoza kinga, ndiyo maana huifunika tena kwa aljineti.

Saa 6:30. Sasa kupima koti: zote kwenye sodiamu sitreti, inayonyang'anya kalsiamu, gramu 1.6 kwa mililita 100. Zisizo na koti zinayeyuka. Zilizovaa zinavimba, ila ngozi inashika. Ikipasuka, koti halikuenea.

Saa 8:00. "Mwalimu, si bora koti liwe nene?" Hapa ndipo naketi kueleza. Kwenye kongosho seli za insulini hukaa kwa vishada, na kishada kimoja kina upana wa wastani wa maikromita 150. Kitie ndani ya kapsuli, yaani punje yenye koti, ya maikromita 600: ujazo unapanda mara 64, na mgonjwa mmoja anahitaji vishada laki kadhaa. Vitawekwa wapi? Oksijeni nayo inapenya kama maikromita 200 tu kwenye tishu. Katikati ya punje zetu za milimita 3, seli ya kongosho ingekufa. Ndiyo maana watafiti wanahangaika na koti jembamba linalofuata umbo la kishada. Shida yake ni upara: sehemu ndogo ikibaki wazi, kinga inaiona. Hata koti zuri likizungukwa na kovu, hewa inakatika.

Saa 9:30. Aljineti iliyobaki haimwagwi sinki. Igandishe kwanza kwenye kalsiamu, itupwe na taka ngumu. Ikigandia bombani, fundi ataitwa.