Kanga ya buluu iliyotoka zambarau: nilivyopatanisha printa ya ofisi na skrini

Mama wa Tabora aliingia saa nne asubuhi, mfuko wa safari ungali begani. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, na kabla hajakaa akaweka vitu viwili mezani kwangu: doti ya kanga tuliyomtumia kwa basi, na ukurasa wa katalogi yetu niliouprinti kwa mkono wangu.

"Mwanangu," akasema, "hebu nitazamie. Hii na hii ni rangi moja?"

Hazikuwa rangi moja. Kanga ilikuwa buluu iliyokolea, jina lake WEMA HAUOZI. Ya kwenye karatasi ilikuwa zambarau, tena zambarau nzuri, ndiyo maana aliipenda. Aliagiza doti 40 za sare ya harusi. Kamati ilikuwa imeshachanga pesa na mapambo yameshachaguliwa kufuata zambarau. Nilipofungua faili kwenye kompyuta, kanga ilionekana buluu kama kitambaa chenyewe. Lakini kompyuta yangu iko Kariakoo, na mama yule alikuwa Tabora na karatasi tu mkononi.

Tulimbadilishia mzigo na gharama ya basi tukaibeba sisi. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba alikuwa amesimama mbele ya wanawake wenzake akawaonyesha rangi, akaaminiwa. Niliapa kwamba katalogi nyingine haitatoka ofisini mpaka nijue kwa nini.

Ofisi yetu ni chumba kimoja juu ya duka la jumla. Printa ni ya leza ya rangi, ileile inayotoa ankara na barua. Mizigo mipya ya kanga huingia mara kwa mara, hivyo kupeleka kurasa kwa mchapaji mkubwa kila mara ni gharama tusiyoiweza. Ilibidi printa hiyohiyo ifanye kazi.

Nilianza vibaya. Niliingia kwenye mipangilio ya printa nikapunguza magenta, ile pinki kali ya kuelekea zambarau. Buluu ikakaa sawa, ila nyekundu ya kanga za kisutu ikageuka rangi ya matofali, na kisutu ni kanga ya bi harusi, nyekundu yake kila mwanamke wa pwani anaijua. Nikarudisha magenta, nikaongeza njano, nikaishusha. Kisha nikaanza kuchezea skrini ili ifanane na karatasi. Kufika jioni nusu rimu ilikuwa imekwisha na sikujua tena kipi nilikibadilisha na kipi nilikiacha.

Aliyenifungua macho ni fundi aliyekuja kubadilisha drumu, silinda ya ndani ya printa inayopeleka rangi kwenye karatasi. Alitoa kioo kidogo cha kukuzia, akakiweka juu ya ile zambarau, akasema, "Dada, chungulia hapo unitafutie buluu."

Nikachungulia. Buluu haikuwepo. Palikuwa na vitone vya sayani, ile samawati ya kuelekea kijani, na vitone vya magenta, vimepandana na kuachana kama mchanga wa rangi mbili. Kisha akanipeleka kwenye skrini, kwenye sehemu nyeupe tupu, nikaona vijistari vyekundu, vya kijani na vya buluu, vimepangwa safu kwa safu. Weupe niliokuwa nikiutazama miaka yote ni taa tatu zikiwaka pamoja.

Hapo mambo yakaanza kueleweka. Skrini huanzia gizani na kuongeza mwanga mpaka ifike nyeupe. Karatasi huanzia kwenye weupe, na kila tone la tona, ule wino wa unga wa printa, humeza sehemu ya mwanga. Printa ya ofisi ina tona nne: sayani, magenta, njano na nyeusi. Buluu haina, huitengeneza kwa kuchanganya sayani na magenta, na magenta ikizidi kidogo tu, rangi huangukia kwenye zambarau. Ile buluu kali kupita zote ya kwenye kompyuta, ambayo nyekundu ni 0, kijani 0 na buluu 255, karatasi haiwezi kuifikia. Printa huitafutia rangi ya jirani, na jirani aliyepatikana kwetu ndiye aliyemfikia mama wa Tabora. Kijani cha kumeremeta na rangi ya chungwa lililoiva nazo zina shida hiyo.

Kwa hiyo niliacha kutafuta skrini na karatasi zilizo sawasawa. Nilichukua kitambaa chenyewe kiwe mwamuzi, kisha nikakagua kila kituo ambacho rangi inapitia, kimoja baada ya kingine.

Picha kwanza. Nilikuwa nikipiga kanga kwa simu chini ya tyubulaiti, na simu hujirekebisha rangi yenyewe kwa kadiri inavyoona mwanga. Kanga ya damu ya mzee ilitoka kahawia leo, kesho nyekundu. Sasa nazitandika karibu na mlango wa nyuma, kivulini, kati ya saa nne na saa sita mchana, na pembeni naweka karatasi nyeupe. Nikiifungua picha kwenye GIMP, programu ya bure, naiambia kwamba karatasi hii ndiyo nyeupe, na rangi nyingine zinajipanga kuifuata.

Kwenye kompyuta nilikuta jambo lililonishtua. Ile hali ya usiku, inayopunguza buluu ili macho yasichoke, ilikuwa inajiwasha yenyewe kila jioni. Na mimi kurasa nyingi nilizitengeneza jioni, duka likishafungwa. Nikaizima. Mwangaza wa skrini ulikuwa umepandishwa mpaka mwisho. Nikaushusha mpaka karatasi nyeupe nikiishika kando ya skrini vilingane weupe. Watu wengi hulalamika kwamba printa yao inatoa picha nyeusinyeusi, na mara nyingi tatizo ni skrini inayowaka kama taa ya gari.

Baada ya hapo faili. Rangi ya kompyuta ni namba tu, na namba bila maelezo ni kama kusema "nipimie tano" bila kutaja kilo au mita. Maelezo hayo huitwa profaili. Ya kawaida kwa picha na ofisi ni sRGB, iliyoletwa na HP na Microsoft mwaka 1996, na ndiyo niliyoamua itumike kwenye kila picha. Simu nyingi za sasa hupiga kwa uwanja mpana zaidi wa rangi, kwa hiyo kila picha naigeuza kwanza kuwa sRGB.

Kwenye printa makosa yalikuwa matatu kwa pamoja. Kubana tona kulikuwa kumewashwa tangu siku printa iliponunuliwa. Draiva, ile programu ya kompyuta inayoiendesha printa, ilikuwa kwenye chaguo la kukoleza rangi, ambalo linafaa grafu na matangazo. Na zaidi ya yote, programu ilikuwa inarekebisha rangi, kisha printa inarekebisha tena kilichokwisha kurekebishwa. Rangi ikirekebishwa mara mbili huharibika hata kama warekebishaji wote wawili wanajua kazi. Mmoja aachiwe. Mimi nimeiachia printa. Vilevile nikachagua aina ya karatasi inayolingana na niliyoiweka, maana karatasi nzito huhitaji joto jingine ili tona ishike vizuri. Mwisho nikabonyeza kwenye printa yenyewe kile kipengele cha kusawazisha rangi. Huchukua dakika chache, nasi hatukuwahi kukigusa.

Ukurasa uliofuata ulikuwa bora sana. Kisutu ilirudi kuwa kisutu. Lakini buluu ya WEMA HAUOZI bado ilikuwa na zambarau kwa mbali.

Hapa ndipo nilipofanya jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote. Nilitengeneza ukurasa wa vijiraba, safu kwa safu, kila kimoja buluu tofauti kidogo na mwenzake, na chini yake nimeandika namba zake tatu. Nikauprinti kwa printa hiyohiyo, kwa karatasi hiyohiyo. Nikashuka nao mlangoni, nikalaza pindo la kanga juu ya karatasi, nikawa nalisogeza kiraba baada ya kiraba. Kwenye nyekundu 0, kijani 75, buluu 165, pindo lilizama. Sikuona tena karatasi inaanzia wapi.

Rangi hiyo ukiitazama kwenye skrini utaikataa. Imepoa, ina ukijani, inafanana na sare ya shule iliyofuliwa sana. Ningechagua kwa kutazama kompyuta nisingeigusa kamwe. Tangu siku ile rangi za pindo, za vichwa vya habari na za mapambo ya katalogi nazichagua kwenye karatasi iliyotoka kwenye printa yetu, kisha ndiyo naandika namba kwenye kompyuta. Picha za kanga nazo nina nakala ya kuprinti peke yake, buluu yake nimeivuta kuelekea kiraba kile, na nakala ya kutuma kwa simu naiacha ilivyo.

Mwanga nao ulinipa somo. Jioni moja nilishusha ukurasa kwa furaha, nikauweka chini ya taa ya kaunta, na ile buluu na kanga vikaachana tena. Mlangoni vilikuwa kitu kimoja. Rangi ya kitambaa na tona ni vitu tofauti. Vinaweza kufanana kwenye mwanga huu na kutofautiana kwenye ule. Wachapaji hutazamia rangi chini ya mwanga wa Kelvin 5000, Kelvin kikiwa kipimo cha rangi ya mwanga. Nilitafuta taa ya kiwango hicho, na kwenye boksi nikaangalia CRI isipungue 90, maana ndiyo inayoonyesha taa inatoa rangi kwa uaminifu kiasi gani. Imefungwa juu ya kaunta, na siku za mawingu ya masika inatufaa sana.

Masika yenyewe yanahitaji uangalizi. Rimu iliyofunguliwa hunyonya unyevu, na karatasi yenye unyevu hushika tona vibaya, eneo kubwa la rangi moja likatoka na mabaka. Karatasi zinazobaki narudisha kwenye kifungashio chake na kukifunga, siachi kitu kwenye trei Jumamosi jioni. Na sibadilishi aina ya karatasi ovyo. Kuna karatasi zilizotiwa dawa ya kuzifanya zionekane nyeupe zaidi, zenye ubuluu, na juu yake njano hupoa.

Ukurasa wa vijiraba umebandikwa ukutani kando ya printa, na tarehe juu yake. Tona ikibadilishwa au drumu, nasawazisha rangi, nauprinti upya na kuulinganisha na wa zamani kabla ya kugusa katalogi.

Mama wa Tabora nilimtumia ukurasa mpya kwa basi, pamoja na kanga moja ya kulinganishia. Alipiga simu akiwa nje ya nyumba yake. "Nimeziweka juani, mwanangu," akasema. "Sasa hapa sawa." Akaagiza doti 30 kwa namba ya ukurasa.

Chungwa imenishinda. Kila kiraba nilichojaribu hutoka kama papai lililoanza kuchoka. Kwa kanga za rangi hiyo tulichukua doti moja iliyoingia na kasoro ya uchapaji, nikaikata vipande vya ukubwa wa stempu, na kila katalogi inayotoka nabana kipande kimoja kwa stepla pembeni ya picha. Vilivyokatwa vimebaki vichache, itabidi niulize dukani kama kuna doti nyingine yenye kasoro.