Siku yangu nyuma ya meza ya mwajiri, Mtwara

Saa 12:00 asubuhi
Napanda daladala Mikindani kwenda Mtwara mjini. Mkobani nina daftari, kalamu na vifuko vya korosho zilizobanguliwa. Mimi ni afisa rasilimali watu wa kiwanda cha korosho, na leo nashinda kwenye maonesho ya ajira.

Saa 2:30
Milango haijafunguliwa, lakini vijana waliojipanga nje wanaulizana meza ya gesi iko wapi. Nawaelewa. Tangu bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam lizinduliwe mwaka 2015, ndoto nyingi za mkoa huu zimeelekea Madimba, kwenye mtambo wa kusafisha gesi. Ila mtambo ukishajengwa huendeshwa na watu wachache. Korosho inataka wapimaji, wapanga madaraja, mafundi, watunza ghala na madereva, na vijana wetu wengi wamekulia chini ya mikorosho.

Saa 3:00 hadi saa 5:00
Watu wanamiminika. "Shikamoo dada, natafuta kazi yoyote." Kauli hii inaniumiza, maana najua shida iliyo nyuma yake, na bado sina cha kuandika mbele ya jina la mtu. Kwa hiyo nauliza: msimu uliopita ulikuwa wapi? Kijana mmoja anajibu kwa aibu kwamba alikuwa anapima magunia kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika. Namuuliza kuhusu unyevu wa korosho, namuuliza ya daraja la pili ataijuaje. Anajibu yote bila kubabaika. CV yake haina hata neno moja la hayo! Imejaa shule alizosoma na "napenda kusoma vitabu". Namwomba aandike ile kazi ya ghala juu kabisa, hapo hapo, kwa kalamu yangu.

Saa 5:30
Anakuja binti aliyesomea umeme chuo cha ufundi cha VETA. Anasalimia, anataja jina na fani yake, kisha anauliza: "Dada, umeme ukikatika wakati punje ziko kwenye tanuri la kukaushia, mnaziokoaje?"

Nanyoosha mgongo. Hilo ndilo swali linalomkosesha usingizi fundi mkuu wetu. Namweleza tunavyofanya, naye ananieleza alichokiona mahali alipofanya mafunzo kwa vitendo. Anatazama kifuko cha korosho kilichoandikwa daraja lake, W320, namwambia namba ile ni hesabu ya punje, 300 hadi 320 kwa ratili moja, naye anaiandika. Kabla ya kuondoka anauliza maamuzi ya mafundi yanapita kwa nani, na kama anaweza kunitumia ujumbe jioni. Mazungumzo mafupi tu. Mbele ya jina lake nimejaza nusu ukurasa.

Saa 7:00 mchana
Wali na samaki kwa mama ntilie, pamoja na jirani yangu wa meza ya usafirishaji. Watafuta kazi wengi hawajui kwamba sisi waajiri tunapeana watu. Yeye ananitajia dereva wa foklifti ambaye kwao hana nafasi, mimi namtajia karani. Kijana aliyezungumza vizuri kwenye meza "isiyomhusu" ameshafika kwangu kabla hajafika mwenyewe.

Saa 8:30
Joto limepanda, foleni zimepungua. Huu ndio wakati ninaoupenda, kwa sababu kila anayekuja napata nafasi ya kumsikiliza. Mzee mmoja kamleta mjukuu wake na anaanza kumsemea. "Shikamoo babu, karibu kiti." Namgeukia kijana: haya, niambie mwenyewe. Sauti inatetemeka mwanzoni, kisha inakaa sawa.

Mama mwingine anauliza kama fomu yetu inalipiwa. Hapana, mama. Anayekudai hela ili akupe kazi, muache.

Saa 10:30 jioni
Nafunga meza. CV ni rundo zima, lakini nitakaoanza nao ni wale niliowaandikia maelezo, kwa sababu nawakumbuka sura na maneno yao.

Saa 2:00 usiku
Ujumbe unaingia: "Shikamoo dada. Mimi ni yule fundi umeme tuliyeongea kuhusu tanuri la kukaushia. Asante kwa muda wako. Naomba kuja kuliona, hata kwa siku moja." Naupeleka moja kwa moja kwa fundi mkuu. Jibu linarudi kabla sijamaliza kula: aje Jumatatu saa 2 asubuhi, avae viatu vya kufunika miguu.