Jumanne ya Kutoa: lengo lilifikiwa kabla ya jua kutua
Jumanne ya Kutoa (Giving Tuesday), siku ya kuhimiza watu kuchangia misaada iliyoanzishwa New York mwaka 2012 na ambayo hufuata Sikukuu ya Shukrani ya Marekani, mwaka huu ilitupa sisi wa shirika dogo la maktaba za watoto fursa ya kuchangisha fedha kwa siku moja tu, na kwa kweli moyo wangu umejaa furaha. Kilichotusaidia zaidi ni maandalizi: tuliwapigia simu mapema wafadhili wetu wa karibu, wakaahidi kutuma alfajiri, hivi kwamba wengine walipoamka walikuta mchango umeshashika kasi, maana watu hutoa kwa moyo zaidi wanapoona wenzao wametangulia. Mweka hazina wetu alikaa na simu mbili mezani, akinakili daftarini kila ujumbe wa M-Pesa ulioingia na kutangaza jumla mpya kila saa katika kundi la WhatsApp. Badala ya kuomba chochote mtu alicho nacho, tulitaja bei ya kitabu kimoja cha hadithi, na wengi wakalipia viwili au vitatu. Aliyetuma shilingi 50 alishukuriwa siku hiyo hiyo, sawa na aliyetuma 10,000. Asanteni sana, ndugu zetu. Vitabu vitanunuliwa wiki ijayo, na risiti zote zitawekwa hapa.